Bwana Mifugo Apanda Mlima wa Dareda

Kwa miaka thelathini na moja Modest Tluway, Bwana Mifugo wetu, aliwagombeza wafugaji wa Gendabi na Dirma kwa kosa moja lile lile, na siku alipolifanya yeye mwenyewe alikuja nalo mpaka mlangoni kwangu, likitoa mvuke.

Kosa lenyewe ni hili. Ng'ombe anaumwa, na mwenye ng'ombe anamtibu kwanza kwa akili zake: anamnywesha majivu, maji ya sabuni, chochote kilicho karibu. Ng'ombe akizidiwa ndipo anaitwa Bwana Mifugo. Bwana Mifugo anauliza, "Umempa nini?" Mwenye ng'ombe anautazama Mlima Hanang na kusema, "Sijampa kitu." Modest alikuwa akituambia hilo ndilo jambo la kwanza alilofundishwa chuoni, kwamba ng'ombe hawezi kusema na mwenye ng'ombe hataki. Mzee Gidahosh wa Gendabi aliwahi kusomewa somo hilo mbele ya wakwe zake, fahali amelala chini tumbo limevimba, na mpaka leo wakikutana mnadani anamsalimu kwa mbali.

Mimi naitwa Samira. Nauza spea Katesh, katika duka tulilorithi kwa baba yetu, aliyekuja hapa kutoka Kondoa na sanduku moja la nati na bolti. Kaka yangu Muksini ana gereji, ukuta kwa ukuta na duka langu. Watu wanasema yeye ndiye fundi na mimi ni muuzaji. Waache waseme. Mimi ndiye ninayewaona mafundi wakirudi kununua kifaa kile kile mara tatu kwa ugonjwa mmoja.

Mzee Modest alinunua pikapu yake ya kijani aliposta­afu, wakati ambapo pikapu yenyewe ilikuwa imestahili kustaafu kabla yake. Kila asubuhi aliigusa boneti kwa mgongo wa mkono, kama alivyokuwa akigusa pua za ndama. Hakusema gari linakohoa, alisema anakohoa. Hakusema linakunywa mafuta mengi, alisema siku hizi anakula vizuri. Akija Katesh siku ya mnada, anayeteremka ni mkewe Fabiola. Mzee hubaki ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu, na hata soda ananunuliwa na kuletewa humo humo. Niliwahi kumuuliza anaogopa wezi? Akaniambia mnyama mzee hapendi kuachwa peke yake mahali pa kelele. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, kwenye saa nne asubuhi, pikapu hiyo iliingia gereji kwa Muksini imefunikwa na mvuke wake yenyewe. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Pembeni yake Fabiola alikaa wima, mikono mapajani, amenyamaza kwa namna ambayo mke yeyote anaifahamu na mume yeyote anaiogopa.

"Shikamoo Mama Oliva. Shikamoo Bwana Mifugo."

"Marahaba, Samira," alisema Fabiola, akashuka polepole kwa sababu ya goti lake. "Mwanangu, nisikilize vizuri. Jumamosi saa nne Oliva anaweka nadhiri za daima, Mbulu, kanisani kwa masista. Alipoweka nadhiri za kwanza, miaka sita iliyopita, tulifika Dareda chini ya mlima, gari likachemka, tukarudi nyumbani. Sikumwona mtoto wangu. Jumamosi hii gari lisichemke."

Alikuwa ananitazama mimi, lakini maneno yote yalikuwa yanamwendea mumewe, naye alikuwa ameinama anaitazama tairi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Ni lazima niseme kwamba Oliva ni mtoto wao wa pekee. Mungu aliwapa huyo mmoja. Baba yake alimsomesha akitumaini atakuwa daktari wa mifugo, aje apite njia zile zile za Dirma na Gendabi, baadaye aolewe na kujaza ua wajukuu. Binti alimaliza kidato cha sita akasema anakwenda utawani. Mzee alikaa wiki nzima bila kusema na mtu isipokuwa pikapu.

"Kwa nini msipande basi?" niliuliza. "Basi la Mbulu lipo."

"Nimemwahidi mtoto," alisema Mzee Modest. "Nilimwambia kwenye simu, mama yako nitamleta mimi mwenyewe, kwa gari langu."

Fabiola alichukua mkoba wake akaenda kwa fundi cherehani kupima gauni la kitenge la siku hiyo.

Muksini alikuwa ameshakuja na spana mkononi. "Tunatoa themostati," alisema. Hicho ni kifaa kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto, na kukitoa ndiyo dawa moja ya kaka yangu kwa kila gari linalochemka. Mwaka jana alimtolea mtu wa Mbulu, na kwa baridi ya kule injini ya yule bwana sasa inapata joto wakati watu wanakula chakula cha mchana. Nikamwambia aweke spana chini aniletee kiti.

Gari linalochemka linahojiwa kwa utaratibu, kuanzia kwenye kitu rahisi. Tulisubiri injini ipoe, maana mtu anayefungua rejeta ya moto huwa anafungua mara moja tu maishani. Maji yalikuwa yamepungua, lakini si kwa kiasi cha kutisha. Mkanda wa feni ulikuwa umekaza. Feni ilizunguka bila kukwama. Kifuniko cha rejeta kilikuwa na springi yenye nguvu na mpira mzima. Nikachomoa kipimo cha mafuta ya injini nikatazama kama yamegeuka rangi ya maziwa, kwa sababu hapo ndipo unapojua gasketi imekufa na maji yameingia kwenye mafuta. Yalikuwa meusi, ya kawaida. Nikashukuru Mungu kwa sauti, na Mzee akaitikia "Amina" kama mtu aliyekuwa akisubiri majibu ya daktari.

Tukaiwasha tena mpaka ikapata joto, tukaizima. Nikaweka kiganja kwenye rejeta. Juu ilikuwa inaunguza. Nikakishusha. Chini ilikuwa ya baridi, kama bomba la Mbulu asubuhi. Hapo hakuna haja ya kubishana: maji ya moto yanaingia juu na hayashuki. Njia zimeziba.

"Bwana Mifugo," nikasema, "rejeta imeziba. Umeiwekea nini?"

Mzee Modest aliutazama Mlima Hanang.

"Maji tu," alisema.

Wallahi, nilitamani Mzee Gidahosh angekuwepo.

Nikamwambia Muksini afungue mpira wa chini. Kwa muda hakikutoka kitu. Halafu kikatoka kitu cha kijani iliyoiva, kizito, kinachovutika, kikaning'inia kutoka kwenye rejeta mpaka kwenye beseni bila kukatika. Muksini alirudi nyuma hatua mbili. Mimi nilikigusa kwa kidole, nikakisugua, nikakinusa. Kitu hicho nilikuwa nimekila Jumanne, na ugali wa mtama.

"Mlenda," nikasema.

Mzee aligeuka kutazama njia aliyokwenda mkewe. Kisha akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini sana, "Vikombe viwili tu. Ule wa kukausha, wa unga."

Ikabidi nikae kwenye kile kiti. Alinieleza yote, na kwa kweli mpango wake ulikuwa na akili ndani yake, ndilo jambo linaloumiza. Rejeta ilikuwa na tundu dogo kama la sindano, inavuja tone moja moja. Alikuwa amesikia madereva wakisema wanaweka binzari, wengine yai. Yeye akafikiri kisayansi: kitu gani kikipata maji kinavimba na kushika? Akaingia jikoni Fabiola akiwa kisimani, akafungua kopo la mlenda. Tundu likaziba siku hiyo hiyo, akafurahi sana. Na kila kitu kingine kikaziba pamoja nalo.

"Sasa si ungesema tangu mwanzo?" nilimwambia. "Umewagombeza watu wa Hanang nzima miaka thelathini kwa jambo hili hili!"

"Thelathini na moja," alisema. "Samira, binti yangu, tafadhali. Mama Oliva asijue."

"Atacheka tu."

"Hatacheka. Atasema nimefanya makusudi." Alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. "Kwa sababu mwaka ule ilikuwa makusudi. Gari halikuchemka. Nilisimama pale Dareda chini ya mlima, nikafungua boneti, nikamwambia limechemka, haliwezi kupanda. Nikachukua dumu nikajifanya nakwenda korongoni kutafuta maji. Nilikaa huko nusu saa. Niliogopa, Samira. Niliogopa kumwona mtoto wangu anapiga magoti pale mbele na mimi nalia kama mtoto mbele ya watu. Safari hii nataka kufika. Na safari hii ndiyo linachemka kweli. Nani ataniamini?"

Nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye, vyote kwa pamoja. Nikamwambia Muksini alete mpira wa maji.

Tulisafisha mpaka alasiri. Tulisukuma maji kutoka chini kwenda juu, tukaigeuza, tukasukuma tena. Mlenda ulitoka kwa mabonge, kisha kwa nyuzi, kisha maji yakawa na ukijani tu. Lakini ile mishipa myembamba ya rejeta haisafishiki yote, na ndani ya injini mlenda nao ulikuwa umeingia. Rejeta ya gari la umri ule haikuwepo Katesh, ingetoka Arusha Jumatatu. Tundu tulilichomea kwa risasi ya kulehemu. Nikamwambia Mzee ukweli: kwenye tambarare litakwenda vizuri, mlima siahidi.

Fabiola aliporudi na gauni lake, aliuliza ilikuwa nini.

"Uchafu wa siku nyingi, Mama," nilisema.

Nimewahi kuwadanganya wateja kwa faida yangu, Mungu anisamehe. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kudanganya kwa faida ya mtu mwingine, na niliona haina raha yoyote. Fabiola alilitazama beseni ambalo Muksini alikuwa amelisukumia chini ya meza kwa mguu. Kisha akasema, "Jumamosi utakwenda nasi, Samira. Ukae na gari." Haikuwa swali.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tulitoka Katesh watatu, tumebanana kiti cha mbele. Mzee alikuwa amevaa suti nyeusi ya harusi yake mwenyewe, ambayo kwa heshima nitasema ilikuwa imembana kidogo. Fabiola aling'aa kwenye kitenge cha bluu na njano, na mapajani alishika kifurushi cha shuka jipya alilomshonea binti yake. Nyuma tulikuwa na madumu manne ya maji. Barabara ya kwenda Dareda ilikuwa nzuri, mshale wa joto ulikaa katikati bila kutikisika, na Mzee alianza kutusimulia habari za homa ya ndigana inayoua ng'ombe, ishara kwamba amefurahi.

Tulipoanza kupanda, aliacha kusimulia.

Mlima ule hauna huruma na gari zima, sembuse lenye mlenda. Kona ya kwanza mshale ukasogea. Kona ya pili ukasogea tena. "Fungua hita," nikamwambia, "yote, na feni yake mpaka mwisho. Joto litoke kwenye injini lije kwetu." Alinitazama kana kwamba nimemwambia amchinje, lakini akafungua. Upepo wa moto ukatupiga usoni. Tukashusha vioo, haikusaidia kitu. Mzee aliendesha na suti yake jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Fabiola alijifuta kwa kitambaa, taratibu, bila kulalamika. Mimi na mtandio wangu nilikuwa nimeiva. Mshale ukarudi kidogo. Tukapanda hivyo hivyo kona mbili nyingine, na nikaanza kujisifu moyoni, ambalo ni kosa langu la siku zote.

Kona ya tano mshale ukaenda mpaka mwisho, na mvuke ukatoka kila upande wa boneti.

"Simama," nikasema. "Ukiendelea, unaua injini."

Alisimamisha pembeni, akazima. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Aliteremka akafungua mlango wa Fabiola, akaanza kusema haraka haraka, sijawahi kumsikia akisema vile. "Mama Oliva, nakuapia, limechemka. Nakuapia kwa Mungu. Siyo mimi. Yaani ni mimi, niliweka mlenda, ule wa kwenye kopo, lakini niliweka ili tufike, tundu lilikuwa linavuja, nilitaka tufike—"

Fabiola alishuka, akaweka goti lake sawa, akatembea mpaka mbele ya gari. Akaweka kiganja wazi juu ya boneti. Akakiondoa kwa kasi, akakipuliza.

"Limechemka," alisema.

"Unaniamini?"

"Nimelishika." Aliendelea kukipuliza kiganja. "Mwaka ule pia nililishika, ulipokwenda korongoni na dumu. Lilikuwa la baridi kabisa."

Nilijifanya natafuta kitu nyuma kwenye madumu. Hakukuwa na kitu cha kutafuta. Mzee Modest alikuwa amesimama na mikono imening'inia, na mvuke unapita kati yao. Miaka sita yote ile mama huyu alikuwa akijua, akampikia, akamfulia, akakaa pembeni yake kwenye gari hilo hilo kila siku ya mnada.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Mzee.

"Nilisubiri useme wewe."

Mzee alichomoa ufunguo, akaja nyuma akauweka mkononi mwangu na kuufunga vidole vyangu juu yake. Kisha akaenda kusimama katikati ya barabara, na lori la saruji lililokuwa likipanda likinguruma likamkuta pale, mikono miwili juu, na dereva akapiga honi na kutoa kichwa nje na kumtukana. Mzee hakusogea. Lori likasimama.

Mbele palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Alimpandisha Fabiola, akamkabidhi kifurushi chake, kisha yeye, mtu wa miaka sitini na saba, akapanda ubavuni mwa lori akaenda kukaa juu ya mifuko.

"Bwana Mifugo, gari?" nilimwita.

Alikuwa ameshaipa mgongo barabara tuliyotoka. "Wewe si upo?" alisema, na lori likaondoka. Hakugeuka kulitazama gari lake hata mara moja. Nilimwangalia, kwa sababu nilidhani angegeuka.

Nilikaa pale saa moja na nusu. Liliposhuka joto niliongeza maji kidogo kidogo, nikalipandisha kona moja kwa wakati, nikipumzika kila kona, hita imefunguliwa, nikilisemesha. Ndiyo, nililisemesha. Msinitazame hivyo.

Nilifika Mbulu saa saba. Misa ilikuwa imekwisha na watu walikuwa wanakula uani kwa masista. Nilitafutiwa sahani, nikahakikishiwa kabla sijauliza kwamba aliyechinja ni Mzee Adamu wa msikitini. Mzee Modest alikuwa amekaa meza ya mbele, suti nyeusi imekuwa ya kijivu kwa saruji kuanzia mabegani mpaka viatuni, nyusi nazo za kijivu, na macho mekundu ambayo saruji isingeweza kuyafanya vile. Hakuniuliza habari za gari.

Fabiola ndiye aliyenisimulia, akicheka mpaka akashika goti. Walifika wakati watu wameshakaa. Waliwekewa nafasi mbele, na benchi zima likasogea kwa sababu ya vumbi. Kisha ukafika wakati wa kuwaita masista wanaoweka nadhiri, mmoja mmoja kwa jina kamili, na kila anayeitwa anapaswa kusimama na kuitikia kwamba yupo.

"Mama Mkuu akaita, Oliva Modest Tluway," alisema Fabiola. "Kabla mtoto hajafungua mdomo, huyu mzee akasimama na saruji yake yote, akasema kwa sauti kubwa, kanisa zima likasikia: Nipo."